Opereta Aliyetufundisha Kupepeta Karata

Nimeshtushwa na watu wengi katika maisha yangu, wengine kwa ubaya wao na wengine kwa wema wao. Aliyenishtua mara nyingi kuliko wote alikuwa mtu mpole, mnene kidogo, asiyeona, aliyekaa chumba cha swichibodi akiunganisha simu katika shirika nililofanyia kazi hapa Dodoma enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa huria. Jina lake nalijua, na nikilitaja wazee wa mtaani kwetu Makole watamkumbuka mara moja. Silitaji. Ofisini kwetu kila mtu aliitwa kwa kazi yake: yeye Opereta, mimi Masjala, na dereva wa gari la ofisi akabaki kuwa Dereva. Majina hayo yalitufuata mpaka mitaani, na mama yangu mzazi alifika mahali akawa ananiita Masjala.

Nilikuwa na wiki mbili tu kazini, nikipanga mafaili, alipokuja kusimama mlangoni kwangu huku ameshika fremu kwa mkono mmoja. Sikuwahi kuzungumza naye. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Wewe ndiye Masjala mpya," akasema. "Unaburuta kiatu cha kushoto. Kina msumari?"

Kilikuwa na msumari kweli. Nilikuwa nimeuvumilia tangu asubuhi na sikuwa nimemwambia mtu.

"Nimekuja kuomba majalada yaliyokufa," akaendelea. Alimaanisha yale makasha ya manila yaliyochakaa, ambayo tulikuwa tukiyachoma nyuma ya ofisi kila mwisho wa mwezi.

"Ya kufanyia nini, mzee?"

"Ya kuchezea karata."

Nikadhani ananitania, maana wenyeji wa ofisi huwa na tabia ya kumjaribu mgeni. Nikampa kumi hivi kwa kuwa sikujua namna ya kumkatalia. Siku ya tatu, saa ya chakula cha mchana, nikapita mbele ya chumba chake nikamkuta ameketi na Dereva, meza imejaa vipande vya manila vilivyokatwa sawasawa, na yeye anachanga karata kwa vidole vinene vya haraka. Nilisimama pale mdomo wazi. Dereva akaniambia nikae au niondoke, maana nawazibia hewa.

Nikakaa. Nilikaa miaka minne.

Mchezo wenyewe aliutunga yeye, na sijauona kwingine kokote. Kila mchezaji alikuwa na kitita chake cha karata arobaini, akichagua mwenyewe aweke nini. Kila karata iliandikwa kwa wino kwa ajili yetu tunaoona, na juu ya wino ikatobolewa nukta nundu, maandishi ya wasioona, kwa ajili yake. Ili ushinde, ulitakiwa kuteremsha mezani karata nne kwa kufuatana: Jembe, Mbegu, Mvua, Mavuno. Majembe uliruhusiwa kuwa nayo hata kumi, na Mbegu na Mavuno vilevile. Mvua ni moja tu katika arobaini. Nilipouliza kwa nini iwe moja, alijibu, "Hapa ni Dodoma," kana kwamba nimeuliza swali la mtoto.

Unaanza na karata tano mkononi. Kila zamu unavuta moja kutoka juu ya kitita, unacheza moja. Kwa hiyo mchezo mzima ni namna ya kuifikia ile Mvua yako, iliyo mahali fulani ndani ya kitita na hujui ni wapi, kabla mwenzako hajaifikia yake.

Mimi, kama kila mgeni, nilijaza kitita changu vitisho. Niliweka Kwelea wa kula Mbegu za mwenzangu, Nzige, Fisi wa kumnyang'anya karata ya mkononi. Opereta alinifunga mara saba mfululizo na hakuwa na Fisi hata mmoja. Alikuwa na karata ambazo mimi nilizidharau. Iliyo kubwa kati ya hizo iliitwa Ungo. Ukicheza Ungo, unatazama karata tatu za juu ya kitita chako, unachukua moja, mbili unazipeleka chini kabisa. Basi. Haumli mtu, haumtishi mtu, wala hauteremshi chochote mezani.

"Unapoteza zamu," nilimwambia.

"Masjala, ungo hauzai mtama," akasema. "Lakini nani kwenu anakula mtama ambao haujapepetwa?"

Kisha akanieleza taratibu, huku Dereva akimalizia muhogo wake. Mtu anayevuta karata moja moja anaokota kuni njiani. Atachukua anachokutana nacho. Mwenye Ungo amepita karata tatu kwa hatua moja, na mbili alizozisukuma chini hazitamsumbua tena. Nyungo sita katika kitita ni karata kumi na nane umezitazama machoni, karibu nusu ya shamba. Hapo kitita chako cha arobaini kimekuwa kidogo ingawa bado kinaonekana kinene.

Ilikuwapo pia Chekeche: vuta mbili, kisha utupe moja ya mkononi kwenye jalala. Nikasema hiyo na Ungo ni kitu kimoja. Alikasirika kidogo. Alisema kwa Ungo unachagua katika vitu ambavyo bado si vyako, na kila mtu ni hodari wa kukataa cha mwenzake. Kwa Chekeche unatupa kilicho mkononi mwako tayari, ulichokwisha kukizoea, na hapo ndipo watu hushindwa. Nilimwona siku moja akitupa Mavuno jalalani bila kusita, karata ambayo bila hiyo hushindi. Nilishtuka mpaka nikamshika mkono.

"Ninazo mbili nyingine ndani," akasema. "Hii imekuja mapema. Imekaa kwenye kiti cha mtu mwenye kazi."

Karata aliyoiogopa ilikuwa Choma Shamba. Hiyo inapeleka karata tano za juu jalalani bila kuzitazama. Inakimbiza mchezo kuliko zote, maana tano zimeondoka kwa pigo moja, lakini kama Mvua yako ilikuwa miongoni mwa hizo tano umekwisha. Aliiweka moja tu, akisema shamba ambalo halichomwi kabisa nalo hulala na visiki.

Dereva, ambaye ni Mgogo wa huku kwetu na baba yake mkubwa alikuwa mtu wa mvua, alitaka siku zote tuongeze karata ya Mganga: anayeicheza atafute kitita chake chote mpaka aipate Mvua. Walibishana jambo hilo miaka.

"Kwetu mganga yupo," Dereva alisema. "Kwa nini kwenye karata asiwepo?"

"Kwenu yupo, na mwaka huu mmekula nini?" Opereta alijibu. "Mtu akiruhusiwa kutafuta popote, hatacheza tena. Atakaa anamsubiri Mganga. Mpe mtu tatu za juu, atafakari. Ukimpa zote umemharibu."

Karata tulibadilishana pia, na hapo mtu mpole alibadilika akawa mchuuzi wa mnadani. Mwanzoni nilimpa Ungo wangu mmoja akanipa Kwelea wawili waliotobolewa vizuri, nikarudi masjala nikicheka peke yangu na kujionea haya kwamba nimempunja kipofu. Baada ya wiki moja nilielewa nani kapunjwa. Nikarudi kuudai. Akasema biashara ni huria siku hizi, sijasikia?

Nisije nikampamba mno. Alikuwa mbahili wa sukari; bakuli lake alilifungia kwenye droo na ufunguo aliuvaa shingoni. Alipenda viatu vyake ving'ae na kila asubuhi alimsimamisha mtu wa kwanza kupita akamwuliza kama vinang'aa, na ukimwambia vinang'aa kidogo hakusemeshi tena mpaka mchana. Umbea wa mtaani aliupenda kama bibi harusi apendavyo hina. Nani kaoa, nani kaachwa, imamu gani kagombana na nani kuhusu zamu ya adhana, vyote alikuwa navyo na alivisimulia kwa sauti za wahusika. Na ushauri aliutoa bila kuombwa. Marobota ya mitumba yalipoanza kumwagwa mjini, wanawake wa ofisi tulimletea nguo azipapase kabla hatujanunua. Alikamata pindo, akasugua kwa kidole gumba, akasema, "Hii imefuliwa sana, itakuachia barabarani," na kweli ungemkaidi, ingekuachia.

Ila kilichopita kwenye waya hakikutoka kinywani mwake. Hapo ndipo umbea wote ulipoishia. Simu za siku zile zilikuwa za kukoroma. Ya kutoka makao makuu Dar es Salaam ilimlazimu abaki ndani ya laini kuhakikisha haikatiki, na kwa hiyo alisikia kila kitu. Mke wa mtu mmoja wa uhasibu alifika siku moja na kuku wawili hai, akitaka kujua ni mwanamke gani anayempigia mumewe kila Ijumaa.

"Mama, mimi ni bomba," Opereta alimwambia. "Maji yanapita. Bomba halinywi."

Kuku aliwarudisha, jambo ambalo kwa mtu wa kufungia sukari lilikuwa si dogo. Tukacheka sana. Mimi nilimheshimu kwa hilo, na nilisema hivyo kwa kila aliyenisikiliza.

Sasa nieleze jambo la kucha. Aliwahi kunifundisha nukta nundu, herufi chache tu, kwa kuwa nilitaka kujitobolea karata zangu. Kuna mchana nilikuwa peke yangu masjala, nimefumba macho, najaribu kusoma karata kwa kidole, nikagundua nimeishika kinyumenyume. Nilikuwa nasoma mgongo wake. Zile nukta zilizoinuka upande wa mbele zilikuwa vishimo upande wa nyuma, na vishimo vile vilisomeka. Kwa mimi mwanafunzi vilisomeka kwa shida. Kwa mtu aliyesoma nukta hizo tangu utotoni katika shule ya wasioona ya Buigiri, vingesomeka kama bango.

Nilifumbua macho nikaigeuza tena na tena. Miaka miwili tumecheza na mtu huyu. Miaka miwili sisi wenye macho tumeweka vitita vyetu mezani migongo juu, tukidhani karata zimefichwa kwa kuwa sisi hatuoni kitu. Kila alipovuta karata, kila alipotuchangia, angeweza kujua. Ungo wa nini kwa mtu anayeijua karata ya juu kila zamu?

Niliondoka na karata ile mkononi mpaka swichibodi, nikaitupa mezani kwake. Aliigusa, akaigeuza, akatabasamu.

"Umechukua miaka miwili," akasema.

"Kwa hiyo unajua. Siku zote unajua."

"Hujawahi kuona ninavyovuta?"

Nilikuwa nimeona na sikuwa nimetazama. Alivuta karata kwa kucha. Aliibana pembeni kwa kucha mbili, akaiinua kama mtu anayeondoa unywele kwenye chai, akaigeuza hewani, ndipo vidole vikaishika kwa mbele. Kuchanga vilevile, aliegemeza karata ukingoni akazisukuma kwa kucha. Nilikuwa nimedhani ni mbwembwe.

"Kucha haisomi," akasema.

"Na kidole kikiteleza?"

"Huteleza. Basi nacheza kama sikusoma. Hiyo ndiyo sehemu ngumu ya mchezo wangu, nyie hamnayo."

Sikumwamini moja kwa moja. Nikaanza kumchunguza. Na wiki hiyohiyo nikaona kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka nywele hunisimama. Alikuwa anacheza na Dereva, amekwisha kuteremsha Jembe na Mbegu, amevuta karata yake ya zamu, na kidole cha kati kikagusa mgongo wa karata iliyofuata. Ilikuwa mara moja tu. Niliona uso wake ukibadilika kisha ukarudi. Alikuwa ameshasema anacheza Choma Shamba. Alikuwa ameitamka, bado tu kuchoma. Dereva asingejali kama angesema amebadili mawazo. Opereta alihesabu karata tano za juu kwa kucha akazipeleka jalalani. Ya kwanza ilikuwa Mvua.

Dereva alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemwona mtu akijua na kuchoma. Siku ile nilimpenda Opereta kama mtu apendavyo kitu kilichomtisha. Laiti ningejiuliza mtu wa namna hiyo anaweza kukufanyia nini wewe.

Ikafika barua kutoka Mpwapwa. Chuo kimoja cha huko kilihitaji mtu wa masjala na kiliomba shirika limwachie mmoja kwa uhamisho. Meneja aliniita Jumanne asubuhi, akasema nimepewa nafasi ya kwanza, nijibu kabla ya Ijumaa. Sikutaka kwenda. Mama alikuwa Makole, marafiki walikuwa Makole, na Mpwapwa nilikuwa na habari zake za vumbi na basi la mara moja kwa siku. Lakini nilikuwa na wasiwasi kidogo, kwa kuwa neno ridandansi lilikuwa limeanza kusikika mjini. Mashirika mawili matatu yalikwisha kupunguza watu. Mchana nikaenda kumwuliza mshauri wa kila mtu.

Alikuwa anachanga karata. Nikamweleza yote. Akachanga muda mrefu.

"Hilo fikiri mwenyewe, Masjala," akasema.

"Wewe? Wewe unayenichagulia mpaka koti?"

"Fikiri vizuri. Mimi hapo siwezi kukushauri."

Tukacheza. Alinifunga. Nilifikiri kwa kutwa moja na nusu, na nilichofikiri ni kwamba mzee ameona nina akili za kutosha. Alhamisi nikamjibu meneja kwamba nashukuru, nabaki. Nafasi ikaenda kwa msichana wa tawi la Kondoa.

Siku kumi na moja baadaye tukaitwa ukumbini. Orodha ilikuwa ya watu kumi na tisa. Masjala ilifutwa yote; mafaili yangehamishiwa makao makuu. Swichibodi ilifutwa; ilikuwa inakuja mashine ya simu inayojiunganisha yenyewe. Dereva alibaki. Nakumbuka nilitoka nje nikasimama juani, nikawa naangalia tu watu wakipita barabarani na mizigo yao, nikishangaa kwamba bado wanapita.

Dereva ndiye aliyenijia. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa amechanganyikiwa kama sisi wote.

"Ile simu ya makao makuu," akasema. "Mimi nilifika mlangoni pale Jumatatu kuchukua funguo, ndiyo kwanza anavua visikizio. Niliuona uso wa mzee. Nikajua kuna msiba."

"Jumatatu ipi?"

Akaitaja. Ilikuwa ile Jumatatu kabla ya Jumanne niliyoitwa kuhusu Mpwapwa.

Nilimkuta Opereta anakunja waya wa visikizio vyake taratibu, kana kwamba kesho atavihitaji. Nikamwuliza kama alijua nilipomwomba ushauri. Alimaliza kwanza kukunja waya.

"Simu nyingi zimepita, mwanangu," akasema.

Neno moja lingetosha. Hata angesema tu, "Nenda," bila sababu, ningeenda. Nikatoa kitita changu kwenye mkoba, karata arobaini nilizozitoboa usiku na mchana, nikakiweka mapajani mwake na kuondoka bila kuaga. Nilimchukia. Nasema wazi kwa kuwa watu wa Makole wanadhani tuliachana kwa sababu ya kazi kwisha tu. Nilimchukia miaka sita.

Katika miaka hiyo nilijifunza kuuza mitumba sokoni Majengo. Nilisugua mapindo kwa kidole gumba kama alivyokuwa akifanya, nikachukia hilo pia. Yule msichana wa Kondoa yuko Mpwapwa mpaka leo, na sasa ana nyumba ya chuo. Nikipishana na Opereta mtaani, akiwa ameshika bega la mtu, nilivuka upande wa pili na kutembea kwa ncha za vidole asinitambue kwa hatua. Na bila shaka alinitambua.

Aliyekuja kuivunja hali hiyo ni mkewe, Mama Zuhura, mwanamke wa milima ya Kondoa, mrefu, wa maneno machache. Alifika kibandani kwangu kutafuta sweta. Alichagua, akalikunja, kisha akasema mzee haendi tena mbali, miguu imevimba, na anauliza habari zangu. "Mimi sikuombi uje," akasema. "Nakuambia tu anauliza."

Nilikwenda Jumapili, baada ya sala ya alasiri. Alikuwa ameketi uani kwenye kiti cha plastiki, miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Viatu hakuvaa. Alikuwa amekonda, ngozi ya shingo ikining'inia.

"Shikamoo, Opereta."

"Marahaba, Masjala. Umekawia."

Mama Zuhura alileta chai, akaketi kwenye kigoda karibu na mumewe, akaanza kuchambua mchele kwenye sinia. Tuliongea habari za Dereva, ambaye naye alikuja kuachishwa. Nikaona nikiendelea hivyo nitaondoka na donge langu kama nilivyokuja nalo.

"Opereta, mimi nimekuja kuuliza jambo moja. Ile Jumanne, ulijua?"

"Nilijua."

Aliitamka bila kujitetea. Nilikuwa nimejiandaa miaka sita kwa uongo na sikujua nifanye nini na ukweli.

"Jina langu ulilisikia?"

"La kumi na mbili." Akanywa chai. "Laini ilikuwa mbaya siku ile kuliko siku zote. Meneja hakusikia kitu. Makao makuu wanasoma majina, yeye anasema nini, nini. Mimi nasikia, masikio yangu unayajua. Akaniambia, Opereta, wewe unasikia, nirudishie. Kwa hiyo wao wakawa wanataja, mimi namtajia, yeye anaandika."

Nikaweka kikombe chini. "Wewe ndiye uliyetutaja?"

"Mmoja mmoja. Kumi na tisa."

"Na lako?"

"Lilikuwa la kwanza."

Kuku walikuwa wanaparura pembeni mwa ukuta. Nilimtazama mtu huyu, nikajaribu kumwona na visikizio vyake masikioni, sauti ya Dar es Salaam inamtajia jina lake, na yeye anafungua kinywa.

"Meneja alisemaje?" nikauliza.

"Alinyamaza. Halafu akasema, hilo rudia. Nikarudia."

Ndipo nikasikia kwamba mchele umeacha kuchakarika. Mama Zuhura alikuwa amesimamisha mkono juu ya sinia. Alizungumza bila kupandisha sauti.

"Hilo la kurudia hukuniambia."

Opereta akapapasa kikombe chake.

"Wiki ile ndiyo niliyorudisha kizimba changu cha sokoni," akaniambia mimi, akimwacha mumewe pembeni. "Miaka tisa nilikuwa nacho. Nilimwuliza huyu, nimechoka kuamka alfajiri, mshahara wako si unatutosha, nikirudishe? Akaniambia, fikiri vizuri. Nikakirudisha. Kufika ile barua yao, kizimba kina mtu mwingine."

"Nilikuwa nimeapa," Opereta akasema. "Ningewaambia nyie wawili, ningewaficha kumi na saba. Nani aliniweka kuchagua?"

"Mimi ni mke wako," Mama Zuhura akasema.

Mimi nilikuwa nimekuja na hasira yangu peke yangu, nimeilea kama mtoto, na kumbe ndani ya nyumba hii ilikuwapo nyingine kubwa kuliko yangu, imelala kitanda kimoja naye miaka yote hiyo. Nilitaka kumhurumia. Nilitaka kumtukana pia.

"Ungekuwa wewe kwenye ule waya," Opereta akaniuliza, uso ameuelekeza kidogo pembeni yangu, "na ukasikia jina langu?"

"Ningekuambia siku ileile," nikasema. "Kabla ya saa ya chakula. Ningekuja nikakuambia sikioni."

"Najua." Alitikisa kichwa polepole. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Najua, mwanangu. Na ningekushukuru mpaka kufa."

Mama Zuhura aliweka sinia chini. Akasimama, akachukua kigoda chake kutoka pale kilipokuwa karibu na mumewe, akakileta upande wangu, akaketi.